Maji meupe sio lazima mto uwe mzima

Juzi nilikuwa kwenye kijito kimoja kinachoingia Lukuledi, upande wa Ndanda, nimeinama na wavu wangu, mama mmoja kaja kuchota maji akaniuliza, "Mwanangu, maji meupe hivi, unatafuta nini?" Nikageuza jiwe nikamwonesha upande wa chini. Kadudu kadogo kuliko punje ya mchele, mikia mitatu, ubavuni kana matamvua yanapepea yanatafuta hewa. Nikamwambia mama, huyu ndo shahidi wangu.

Iko hivi. Kipimo cha oksijeni kinakwambia hali ya maji saa hiyohiyo tu. Kama wiki iliyopita mtu kaosha bomba la dawa mtoni, leo maji yameshapita na kipimo kinasoma poa kabisa, ila huyu mdudu anakaa majini wiki hata miezi, hana pa kukimbilia, hivyo asipoonekana mahali anapotakiwa kuwepo ujue kuna kitu kimepita. Ndo maana Tanzania tuna TARISS, mfumo wa kupima afya ya mto kwa kuangalia wadudu wake, umetokana na SASS, mfumo kama huo wa Afrika Kusini, kila familia ya wadudu inapewa alama kuanzia 1 mpaka 15, mwenye kushindwa haraka na uchafu ndo mwenye alama kubwa.

Lakini wadudu peke yao hawatoshi, lazima ujue na maji yanapita kiasi gani. Huna mashine? Chukua chungwa. Chungwa linazama karibu lote, upepo haulisukumi. Tuseme limetembea mita 10 kwa sekunde 25, hiyo ni mita 0.4 kwa sekunde, zidisha kwa 0.85 sababu maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini, halafu zidisha kwa upana mita 4 na kina cha wastani 0.3, unapata kama lita 408 kwa sekunde. Kiangazi mto umebaki upana mita 2, kina 0.15, chungwa linachukua sekunde 50, hesabu inashuka mpaka lita 51!! Hapo washa pampu tatu za bustani uone.

Na shida hazijagi moja moja, hili ndo linaniumiza. Maji yakipungua yanapata joto, ya moto yanabeba oksijeni kidogo, tope nalo linatulia linaziba nafasi kati ya mawe ambako wadudu wanajificha. Ukipima joto tu utalaumu jua, kumbe wamekata miti mpaka ukingoni wakati sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe. Kwa hiyo mimi napima sehemu mbili siku hiyohiyo, juu kwenye kivuli na chini ya bustani.

Tukashuka na yule mama mpaka chini ya bustani za mchicha. Maji meupe vilevile. Tukageuza mawe kama kumi hivi, wa mikia mitatu hakuna hata mmoja, ni viluwiluwi vyekundu tu kwenye tope, vile vyenye himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ndo maana vinavumilia hewa kidogo. Mama akaangalia ndoo yake, akaimwaga, akapanda nayo juu.