Klipu za Zamani na Mikunjo Yake

Kazi yangu ni kuhifadhi nyaraka kongwe, na faili likifika mezani sianzi na maandishi. Naanza na klipu ya kubania karatasi. Klipu iliyokaa miaka mingi juu ya barua huacha umbo lake kwenye karatasi: alama ya kahawia ya kutu, vitanzi na ncha zikionekana kama zimechorwa kwa kalamu. Hata klipu yenyewe ikiwa imeshadondoka, alama ile huniambia ilikuwa ya aina gani, na aina hunidokezea karatasi zilibanwa enzi zipi.

Wengi wetu tunaijua moja tu, ile yenye kitanzi ndani ya kitanzi. Inaitwa Gem. Lakini zimewahi kutengenezwa za kila namna, na kila mkunjo uliwekwa kwa sababu.

Kabla ya klipu, karatasi zilishikizwa kwa pini. Pini hutoboa, huchoma vidole na kushika kutu ndani ya tundu lake. Mambo yalibadilika katika nusu ya pili ya karne ya 19, waya wa feleji, yaani chuma kigumu, ulipokuwa rahisi. Ukiupinda waya huo kidogo, hurudi ulivyokuwa. Ukizidisha, hubaki ulivyopindwa. Klipu hutegemea tabia zote mbili. Kiwandani waya hupindwa kupita kiasi ili upate umbo. Mkononi mwako hupanuliwa kidogo tu, na ile nguvu yake ya kutaka kurudi ndiyo inayobana. Inyooshe klipu moja ya kawaida uone: waya wa karibu sentimita 10 na mikunjo mitatu, basi.

Mwaka 1867, nchini Marekani, Samuel B. Fay alipata hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi, kwa waya uliopindwa miguu yake ikakatizana. Alilenga hasa kushikiza tiketi kwenye nguo bila kutoboa kitambaa. Erlman J. Wright akafuata mwaka 1877 na klipu yake. Mwaka 1894 ikaja Eureka ya George Farmer, ambayo si ya waya kabisa. Imekatwa kutoka kwenye bati.

Baada ya hapo zilimiminika. Ninayoipenda kuliko zote ni Owl, yaani bundi, kwa sababu waya wake umeviringwa ukafanya macho mawili ya duara. Ukiitazama kwa karibu utaelewa: ncha zimefichwa ndani ya mviringo, kwa hiyo hazikwaruzi karatasi wala hazinasi klipu nyingine kwenye kisanduku. Ideal nayo ina mabawa kama ya kipepeo, na hushika rundo nene ambalo Gem ingelishindwa.

Sasa Gem yenyewe. Umbo hilo halina hataza ya mvumbuzi yeyote. Kampuni ya Cushman & Denison ilikuwa ikiiuza kwa jina hilo miaka ya 1890, na mwaka 1899 William Middlebrook wa Waterbury, Connecticut, alipata hataza ya mashine ya kutengeneza klipu; katika michoro yake Gem inaonekana wazi, imekamilika.

Ndiyo maana hunisikitisha kila ninaposoma kwamba klipu hii ilibuniwa na Johan Vaaler wa Norwei. Vaaler alikuwa mvumbuzi wa kweli, na hataza yake ya Marekani ni ya mwaka 1901, lakini waya wake hauna kile kitanzi cha ndani, na bila kitanzi hicho karatasi haishikiki vizuri. Klipu kubwa iliyosimamishwa Sandvika, mji wa Norwei, mwaka 1989 kwa heshima yake haifanani na mchoro wake. Hata hivyo, Wanorwei wana haki ya kuipenda klipu: wakati wa Vita Kuu ya Pili, nchi yao ikiwa chini ya Wajerumani, waliivaa kwenye kola kuonyesha kwamba wameshikamana.

Gem ina kasoro zake. Huteleza, hunasana na wenzake, na ncha zake huchimba karatasi unapoitoa. Henry Lankenau aliishughulikia kasoro hiyo ya mwisho katika hataza yake ya mwaka 1934: alirefusha miguu hadi karibu na mkunjo, upande mmoja akauchongoa kama tao la kanisa la kale. Kwangu mimi hiyo ni klipu bora kuliko Gem. Lakini Gem hupachikwa kwa mkono mmoja bila kufikiri, na kwa mtu mwenye haraka ofisini hilo lilitosha.

Ukikuta klipu yenye kutu kwenye barua za wazee wako, tafadhali usiivute. Kutu imeshaishika karatasi, na ukivuta itachanika. Laza karatasi mezani. Penyeza kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya waya, mbele na nyuma. Kandamiza kitanzi kirefu kwa kidole gumba, kisha inua kile kifupi polepole hadi klipu ifunguke, ndipo uinyanyue. Mimi huiweka kwenye bahasha yake, nikaandika imetoka kwenye faili gani na ukurasa gani.