pH ya bwawa la samaki saa nane mchana haikuambii kitu, na hiyo chokaa iache kwanza

Nimetumiwa tena picha ya karatasi ya kupimia, chini imeandikwa "mtaalamu pH 9 niweke chokaa kilo ngapi". Jamani. pH ni kipimo cha asidi ya maji, 7 ni katikati, chini yake ni asidi. Chokaa inapandisha pH, una 9 halafu unataka kuongeza ya nini? Nikiuliza umepima saa ngapi jibu ni lilelile, saa nane mchana, jua kali, maji ya kijani mpaka mkono ukizama kwenye kiwiko huoni vidole. Nikimwambia asiweke chokaa ananiuliza basi akamulie ndimu.

Sikilizeni. Mchana mwani unakula hewa ukaa iliyo kwenye maji, pH inapanda. Usiku hakuna jua, mwani unapumua, samaki wanapumua, matope ya chini nayo yanapumua, hewa ukaa inarudi na pH inashuka mpaka alfajiri. Bwawa lenye mbolea nyingi linaweza kuamka na 6.5 na kufika alasiri lina 9.5, siku hiyohiyo, maji yaleyale, na sato hajafa. Kwahiyo pima mara mbili, kabla jua halijachomoza na saa tisa au kumi mchana, chota kina cha kiwiko, sio povu la pembeni. Ukimwaga ndimu au siki saa nane umejichosha tu, kesho jua likitoka mwani unapandisha tena.

Kinachotakiwa kukusumbua ni alkaliniti, yaani uwezo wa maji kumeza asidi, na hiyo karibu hakuna anayeniuliza. Ndo inayozuia pH isiruke hovyo. Ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita maji hayana breki, na hata samadi unayoweka haifanyi kazi vizuri. Huku kwetu Rungwe na Mufindi angalia tu majirani wanalima nini, chai inapenda udongo wa asidi, sasa ukichimba bwawa pembeni ya shamba la chai unategemea maji gani? Huyo ndo anahitaji chokaa, na hata yeye anaweza akapima 9 mchana akadhani maji yake yana chokaa tele. Namba moja watu wawili tofauti kabisa.

Halafu chokaa ipi. Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa tu, pH ikifika nane na kidogo inaacha kuyeyuka kwahiyo ni ngumu kuua samaki nayo. Ile ya kupakia nyumba imechomwa, hiyo inaweza kurusha pH mpaka 11 na asubuhi unaokota samaki wanaelea. Dukani zote ni unga mweupe kwenye kiroba na muuzaji atakwambia "ni chokaa tu bosi". Chukua kijiko, dondoshea siki, ikichemka povu ni ya kilimo, ikitulia imechomwa. Vitabu vinaishia hapo, ila iliyochomwa ikikaa stoo miezi inavuta hewa ukaa na yenyewe inaanza kutoa povu, kwahiyo kiroba kikuukuu hata mimi sikiamini. Bwawa lenye samaki usijaribu nacho.

Kiasi: bwawa likiwa kavu huwa naanzia gramu 200 kwa mita ya mraba, bwawa la mita 10 kwa 20 ni kilo 40, unatawanya chini yote na kwenye kingo, unajaza maji, unasubiri wiki mbili unapima alkaliniti. Ukweli ni kwamba hiyo 200 ni ya kubahatisha kidogo, nimeona mabwawa mawili ya kijiji kimoja, moja likatosheka na lingine likameza zote kama hujaweka kitu. Na kama umeelekeza mfereji maji yanaingia huku yanatoka kule mchana kutwa, chokaa yako inanywesha mabonde ya jirani. Funga mfereji, ongeza maji yaliyopungua tu.

pH ya juu ya mchana ina hatari yake kweli, ni amonia, ile inayotoka kwenye uchafu wa samaki na chakula kinachooza. Maji ya nyuzi 25 yakiwa na pH 7 sehemu ya amonia yenye sumu haifiki asilimia 1, ikifika 9 ni zaidi ya theluthi. Hapo dawa ni kupunguza pumba, kusimamisha samadi, kubadilisha maji kiasi. Sio ndimu.

Na nyie wa Mbeya mjini na Uyole mnaonipigia mwezi wa sita na wa saba kwamba sato hawali "itakuwa pH". Wekeni themomita kwenye maji alfajiri. Chini ya nyuzi 20 sato anapunguza kula, kwenye 16 anaacha, na chakula mnachoendelea kumwaga kinaoza chini kinawatengenezea hiyo amonia.