Rangi fiche: kwa nini krimu ya dukani hugeuka pinki ukutani

Rangi fiche ni rangi ya pili iliyojificha ndani ya ile unayoiona. Ndoo mbili zinaweza kuitwa krimu, moja ikaelekea njano, nyingine pinki. Inatokana na mashine ya dukani, inayodondoshea rangi nyeupe matone ya njano, nyekundu, nyeusi au bluu. Wekundu kidogo hauonekani kwenye kopo, ila chumbani, kuta nne zikimulikana, unajitokeza wazi.

Kuitambua, weka kadi ya rangi, ile ya dukani yenye safu za rangi hafifu hadi iliyokolea, juu ya karatasi nyeupe kabisa, kisha tazama rangi iliyokolea zaidi kwenye safu hiyohiyo. Mara nyingi ndiyo inayosema ukweli. Kijivu hudanganya kuliko zote. Kikiwa peke yake ni kijivu tu, ukikiweka kando ya kijivu kingine unashangaa kimekuwa zambarau.

Tatizo huonekana zaidi penye fremu za milango na skatingi, yaani ubao wa chini ya ukuta. Fremu nyeupe pepe ikikutana na krimu yenye njano, ukuta unaonekana mchafu hata ukiwa umepakwa jana. Chagua nyeupe ya fremu inayoelekea upande uleule wa ukuta. Tena, rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano ikikosa mwanga, hasa nyuma ya milango na ndani ya makabati. Rangi ya maji inayopakwa kwenye mbao hudumu na weupe wake.

Usijaribie rangi kwa kupaka kiraka juu ya ukuta wa zamani, maana rangi ya zamani inayokizunguka italidanganya jicho. Paka ubao wa sentimita 60 kwa 60 mikono miwili, yaani mara mbili, acha ukingo mweupe, uache ukauke kabisa, kisha uhamishe ukuta hadi ukuta asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka. Balbu ya 2700K (K, yaani kelvini, ni kipimo cha rangi ya mwanga) huongeza njano. Ya 6500K huvuta bluu.

Ushauri wa Ulaya kwamba chumba chenye dirisha la kaskazini kina mwanga wa baridi, yaani unaoelekea bluu, hauifai Nairobi wala Dar es Salaam, kwa kuwa karibu na ikweta jua hupita kaskazini miezi kadhaa na kusini miezi mingine. Huku angalia dirisha la mashariki na la magharibi, na kilicho nje yake: mwembe hutupia ukuta ukijani, na ua wa udongo mwekundu huiamsha pinki iliyolala kwenye krimu.