Maneno ya kinywa na maneno ya karatasi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kiswahili sahihi ni cha kitabuni; cha barazani kimeharibika

Mambo yalikwenda kinyume na hivyo. Kiswahili sanifu kilichotwa vinywani mwa watu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja, yaani mazungumzo ya watu wa Mjini Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili cha kuandikia katika Afrika Mashariki, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikaendelea na kazi ya tahajia na kamusi. Lahaja nyingine za visiwani, Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, ziliachwa nje, lakini sarufi yao haina kasoro.

Na hicho kinachoitwa kuharibika kina kanuni zake. Sikiliza: nshakula, ushakula, keshakula, tushakula, mshakula, washakula. Kila nafsi ina umbo lake na hakuna anayebahatisha. Au chukua "kaja" badala ya "amekuja". Ka- hii ni ya mtu mmoja anayesemwa, basi. Husikii "nkaja" kwa maana ya "nimekuja", na kiti hakisemwi "kaanguka"; hubaki "kimeanguka". Mtoto ambaye hajaanza skuli anaifuata kanuni hiyo bila kufundishwa. Anayekosea ni mwandishi, pale anapodhani "kaja" ni "akaja" iliyokatwa kichwa. "Babu kaja" maana yake babu yupo, mtayarishie chai. "Babu akaja" ni kipande cha hadithi kinachongoja kipande kingine. Ukibadilisha moja kwa nyingine umebadilisha habari yenyewe.

Dhana: Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa

Kwa kiasi kikubwa ni kweli, na ndiyo maana watoto wetu hujifunza kusoma kwa haraka. Lakini kuna mambo ambayo herufi hazibebi, na anayejifunza kwa vitabu peke yake hubaki nayo gizani.

Kwanza, mpumuo. Paa la nyumba na paa wa msituni huandikwa sawasawa. Kwa wazungumzaji wa asili wa pwani, p ya paa mnyama hutoka na pumzi, p ya paa la nyumba haina pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo, utaihisi tofauti. Vivyo hivyo kaa wa baharini ana pumzi katika k, kaa la moto halina.

Pili, silabi. "Mbuni" ndege ina silabi mbili, mbu-ni. "Mbuni", mti unaozaa buni, ina tatu, m-bu-ni, kwa sababu m yake inasimama peke yake. Tatu, mkazo. Kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika "barabara" ya magari. Katika "barabara" ya kazi iliyofanywa sawasawa, mkazo unarudi nyuma silabi moja.

Halafu kuna kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na hapa ndipo karatasi inaposhindwa zaidi. "Umekula" inaweza kuwa swali, taarifa, mshangao au lawama. Sauti inatenganisha zote nne. Maandishi yana nukta, alama ya kuuliza na ya mshangao tu, na lawama haina alama kabisa. Mwandishi anayetaka ijulikane lazima aiongezee maneno: "Yaani umekula bila kunisubiri."

Dhana: Kabla ya herufi za Kizungu Kiswahili hakikuandikwa

Barua za Kilwa za 1711, zilizohifadhiwa Goa, India, ni za Kiswahili na zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwandiko huo ulimtegemea msomaji anayeijua lugha kwa sikio. Alama za irabu za Kiarabu ni tatu, fatha, kasra na dhumma, na irabu za Kiswahili ni tano. Kasra ikabeba e na i, dhumma ikabeba o na u. Neno lilikamilika kinywani mwa msomaji.

Dhana: Tangazo likiandikwa vizuri, kulisoma kwa kipaza sauti kunatosha

Hili linasababisha hasara ya kweli. Msomaji akipotea hurudi mstari wa juu. Msikilizaji hana pa kurudi, na mara nyingi anasikiliza huku anakuna nazi au kapitwa na gari yenye spika. Tazama tangazo hili: "Wananchi wote wanaarifiwa kwamba mkutano uliokuwa ufanyike Jumamosi umeahirishwa na sasa utafanyika Jumapili saa mbili asubuhi." Kwenye ubao halina tatizo. Kwa kipaza sauti, wengi watadaka "mkutano" na "Jumamosi", kisha Jumamosi watakuja.

La kusikiwa litungwe hivi: "Mkutano wa kesho haupo. Mkutano umehamia Jumapili. Jumapili, saa mbili asubuhi, skuli. Saa mbili asubuhi." Jambo moja kwa sentensi moja. Siku na saa zitajwe mara mbili. Kitenzi kisicheleweshwe, na vishazi vya "uliokuwa" na "ambao" viachwe kwenye karatasi. Kurudia kunakochosha jicho ndiko kunakosaidia sikio.

Dhana: Ujumbe wa simu unaua Kiswahili

Ujumbe wa simu ni mazungumzo yanayopita kwa herufi. "Ntakuja, nshatoka" inamfaa rafiki. Katika barua ya kuomba kazi andika "nitakuja" na "nimekwisha kutoka". Kosa ni kutojua uko wapi.

Dhana: Kunukuu ni kuandika ulichosikia na kusahihisha njiani

Wanaorekodi wazee, tuseme Micheweni au Kojani huko Pemba, hupoteza mengi hapa. Mzee kasema "ntu", mnukuzi kaandika "mtu", na Kipemba kimetoweka kwenye kumbukumbu bila mtu kujua. Tengeneza nakala mbili. Ya kwanza iwe ghafi: kila "yaani", kila "ati", kila neno lililokatwa na kuanzwa upya. "Yaani" nyingi zina kazi. Msemaji anashikilia zamu yake huku akitafuta neno. Ya pili ndiyo ya kusafisha kwa wasomaji, na ya kwanza isifutwe kamwe.

Sikiliza rekodi yote mara moja bila kuandika, upate mwendo na sauti ya mtu. Kisha nenda kwa vipande vya sekunde kumi hadi kumi na tano, na weka alama ya muda kila dakika. Saa moja ya mazungumzo huweza kula saa nne za mnukuzi mzoefu, na zaidi wakizungumza watu wawili kwa pamoja. Nukta usiiweke kila msemaji anapovuta pumzi. Watu huvuta pumzi katikati ya wazo. Maneno kama "huku", "kule" na "kiasi hiki" hayana maana bila mkono uliokuwa ukionesha, kwa hiyo andika siku ileile, ukiwa bado unakumbuka: [anaonesha upande wa bahari], [anapima kwa mkono, kama shubiri mbili]. Mwisho msomee mzee mwenyewe nakala safi kwa sauti. Ukimwachia karatasi asome, ataangalia tahajia. Ukimsomea, atakwambia palipo na neno ambalo hakulisema.