Je, wajua kwa nini, katika kujikinga na Korona, dirisha la daladala lina umuhimu kuliko bomba la kushikilia?

Korona ilipofika Tanzania Machi 2020, stendi za Mwanza zilijaa ndoo za maji zenye koki, na sabuni pembeni. Mimi nilikuwa napanda gari la Kisesa na kitambaa nilicholowesha spiriti. Nafuta chuma cha mlangoni, nafuta mgongo wa siti ya mbele, nakaa. Vumbi likianza, navuta kioo, nafunga dirisha. Niliamini ugonjwa unakaa kwenye vyuma, na wengi niliosafiri nao waliamini hivyo hivyo.

Imani hiyo haikutoka hewani. Ukanda wetu wa ziwa unakijua kipindupindu, na kipindupindu huingia kwa mdomo: maji, chakula, mikono isiyonawa. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mkono ndio njia ya maradhi, ugonjwa mpya ukija atautafuta mkononi kwanza. Hata wataalamu walianzia huko. Ushauri wa miezi ya mwanzo ulikuwa kunawa, kufuta na kuachiana nafasi, na katika miji mingi mabasi yalipuliziwa dawa. Ilipofika Aprili 2021, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilikadiria kuwa ukigusa mahali penye virusi vya Korona, uwezekano wa kuambukizwa kwa mguso huo kwa kawaida ni chini ya 1 kati ya 10,000. Sabuni tusiiache, kipindupindu bado kipo. Ila kwa Korona ndani ya gari, chuma hakikuwa adui mkubwa.

Utafiti wa usafiri nao ulihama. Kwanza ulifuatilia jinsi ndege na treni zinavyosambaza ugonjwa. Wuhan, mji wa China ambako ugonjwa ulianza kuonekana, ulifungwa Januari 23, 2020 kwa hofu hiyo. Kisha ukahesabu abiria waliotoweka: Aprili 2020 treni za chini ya ardhi za London zilipoteza takriban 95 kati ya kila abiria 100. Baadaye ndipo likaja swali ninalolipenda zaidi: ndani ya gari, hewa inafanya nini?

Basi moja la Ningbo, China, lilitoa jibu la mapema. Januari 19, 2020 lilibeba watu 68 kwenda ibadani na kurudi, dakika 50 kila upande, kiyoyozi kikizungusha hewa ile ile. Mgonjwa alikuwa mmoja. 23 wengine waliambukizwa, wakiwemo waliokaa siti za mbali naye. Dereva na waliokuwa karibu na mlango walisalimika, na kati ya waliokuwa kwenye madirisha yanayofunguka aliugua mmoja tu. Ni basi moja, huwezi kulitungia sheria ya dunia nzima, lakini kukaa mbali naye hakukuwakinga wale wa siti za mbali.

Chukua ndoo, itoboe chini, iweke chini ya koki. Maji yatapanda, kisha yatasimama kwenye kina fulani, pale yanayoingia yanapolingana na yanayotoka. Tundu likiwa dogo, kina kinakuwa kirefu. Ukilipanua, maji yanashuka bila kugusa koki. Koki ni pumzi za abiria, tundu ni dirisha, kina cha maji ni pumzi zilizobaki ndani ya gari. Ukifungua la mbele na la nyuma upande wa pili, upepo unapata njia ya kuingia na ya kutokea. Muda nao unahesabiwa: safari ya Igoma ni fupi, lakini anayekwenda Bukoba anakunywa kutoka ndoo hiyo saa nyingi.

Kina hicho kinapimika. Hewa ya nje ina kaboni dayoksaidi kama sehemu 420 kwa kila milioni. Pumzi tunayoitoa ina kama 40,000. Kipimo ndani ya gari kikisoma 2,400, basi takriban sehemu 1 kati ya 20 ya hewa unayovuta imeshapita kwenye mapafu ya mtu.

Sehemu kubwa ya hesabu za abiria zilitoka miji ambako watu hugonga kadi mlangoni, wakati nauli yetu inaishia mkononi mwa konda na haiachi kumbukumbu. Kwa hiyo takwimu za London nazisoma kwa tahadhari. Hewa, hata hivyo, haiulizi umelipaje. Kwenye kivuko cha Kamanga, ukisimama sitahani, upepo wa ziwa unaosha sehemu kubwa ya pumzi kabla haijamfikia jirani.

Daladala inapata upepo huo ikiwa inatembea. Itazame ikisubiri abiria wajae: injini imezimwa, siti zote zina watu, konda anaita "wawili tu, tunaondoka", na madirisha yaliyo wazi yanaingiza hewa kidogo tu. Koki inaendelea kumwaga, tundu limekuwa dogo. Siku hizi, gari likiwa bado linajaza, mimi nasubiri nje, karibu na mlango, mpaka konda apige bodi.