Boma la Mjerumani Tabora: mayai, dhahabu na hamsa-ishirini

Ukilitaja Boma la Mjerumani hapa Tabora, hutakosa mtu wa kukuambia kwamba kuta zake zilijengwa kwa mayai. Hadithi hiyo hiyo inasimuliwa karibu kila mji wenye jengo la enzi zile. Kilichoshika mawe ni chokaa. Ukuta ukichubuka, pitisha kidole kwenye kiungo, unga mweupe utabaki mkononi. Chokaa hukomaa polepole, ikivuta hewa ukaa miaka na miaka mpaka inakuwa jiwe tena, na unene wa ukuta unafanya kazi iliyobaki. Adui wa kuta hizi ni saruji: fundi akipiga plasta ya saruji juu ya chokaa, unyevu unakosa pa kutokea na ukuta unaoza kwa ndani. Inauma kuona jengo limevumilia masika zaidi ya mia moja, halafu linaharibiwa na mtu anayedhani analikarabati.

Wengine wanasema ni ngome ya Waarabu ya kufungia watumwa. Waarabu walikuwa Tabora kweli, tena mapema, lakini Boma ni la Wajerumani, waliotawala hapa kwa nguvu baada ya ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe kuanguka Januari 1893. Isike aliwasha baruti yake mwenyewe kuliko kujisalimisha kwa ofisa wa Kijerumani, Tom von Prince.

Halafu kuna "mali ya Mjerumani", imani inayowafanya watu wachimbe usiku kwenye misingi ya majengo ya kale. Ina chanzo. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, bahari ikiwa imefungwa na Waingereza, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15, tembo upande mmoja na tai upande wa pili. Lakini hazikufuliwa Bomani; zilifuliwa kwenye karakana ya reli, Lulanguru, karibu na Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilikuwa kama 16,000, gramu 7 hivi kila moja. Zote pamoja hazifiki kilo 120, na zilitengenezwa ziingie kwenye mzunguko. Septemba 19 mwaka huo mji ukatekwa, na waliouteka ni Wabelgiji na askari wao wa Kongo, si Waingereza kama wengi wanavyodhani.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni hii: "Mjerumani alikuwa mkali, lakini haki ilitendeka."

Itendekeje? Boma lilikuwa ofisi ya utawala, kituo cha polisi, mahakama na jela kwa pamoja. Bwana mkubwa wa wilaya aliyetuma askari wakukamate ndiye aliyesikiliza shauri lako, akakuhukumu, na adhabu ikatolewa papo hapo. Agizo la mwaka 1896 liliruhusu viboko 25 kwa mkupuo, mikupuo isizidi miwili kwa hukumu moja. Ndiyo hamsa-ishirini ya wazee wetu. Wahindi na Waarabu agizo liliwaepusha na viboko. Mzungu alikuwa na mahakama yake, yenye hakimu, na rufaa ilisikilizwa Dar es Salaam. Mnyamwezi aliyeibeba mizigo ya nchi nzima mabegani alikuwa na uwanja wa Boma na kiboko.

Waingereza walioshika nchi baada ya vita nao hawakutenganisha haraka madaraka hayo. Jeshi la Polisi liliundwa 1919 na Mahakama Kuu kwa agizo la mwaka 1920, lakini wilayani Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya, aliendelea kuwa mtawala na hakimu. Mabaraza ya machifu, yaliyosikiliza kesi za wenyeji, yaliingizwa kwenye mfumo wa Mahakama kwa sheria ya mwaka 1963, baada ya uhuru.

Mwisho, wengi huamini kila jengo la Mjerumani linalindwa na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya zamani zaidi, ya kabla ya utawala wa Wajerumani. La Mjerumani halifiki huko. Linalindwa pale tu Waziri anapolitangaza rasmi. Na anayetaka kuchimba kutafuta mambo ya kale, awe na kibali cha Idara ya Mambo ya Kale mkononi.