Kwa nini vihisi vinavyosikilizana kwenye kompyuta vinapotezana kihambani?

Chukua kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, cha Kibosho, juu ya Moshi. Vihisi vya unyevu wa udongo vimechomekwa udongoni penye mashina ya mibuni, kila kimoja na redio yake ndogo ya gigahezi 2.4. Kwenye uigaji wa kompyuta, yaani jaribio la mtandao huo lililoigizwa ndani ya programu, vyote vilisikilizana. Shambani, baadhi vimenyamaza.

Betri ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi mkosaji ni duara. Programu nyingi za uigaji, katika mpangilio wake rahisi, huizungushia kila redio duara: ndani ya mita 50 kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) inafika, mita ya 51 hakuna kitu. Hakuna redio ya hivyo. Mahali peupe, umbali ukiongezeka maradufu nguvu ya mawimbi hupungua desibeli 6, yaani hubaki robo. Antena ikiwa chini karibu na udongo, upungufu unaweza kukaribia desibeli 12. Majani ya migomba, yaliyojaa maji, nayo yanakula chake. Ukingo wa duara basi ni ukanda mpana wenye viraka, ambamo kihisi cha mita 30 kinaweza kuwa bubu na cha mita 45 kikasikika vizuri. Kichekesho zaidi, A anaweza kumsikia B, B asimsikie A: redio mbili za aina moja hazitoki kiwandani zikiwa sawa kabisa.

Halafu kuna kelele: mawimbi mengine yanayovuruga ujumbe. Pakiti hupokelewa pale mawimbi yanapoizidi kelele ya wakati uleule, na hapo ndipo wastani unapodanganya. Tuseme pakiti 30 kati ya 100 zinapotea. Kompyuta ikirusha shilingi upya kila mara, kutuma mara tatu kunapunguza hasara hadi chini ya 3 kati ya 100. Safi sana, kwenye kompyuta. Sasa mwite mwenzako stendi ya Moshi. Basi la Dar linaingia, wapiga debe wanalipuka kwa pamoja. Rudia jina lake mara tatu papo hapo, yote matatu yamepotea. Likishatoka, hata sauti ya kawaida inafika. Kelele ya redio, hasa ya Wi-Fi, huja kwa mikupuo hiyohiyo.

Mwaka 2007 watafiti HyungJune Lee, Alberto Cerpa na Philip Levis walichapisha njia ya kuiga mikupuo: unarekodi kelele halisi, kompyuta inajifunza ni kipimo gani hufuata baada ya mfululizo gani, kisha inatunga kelele mpya yenye tabia ileile. Njia hiyo iliingizwa kwenye TOSSIM, kiigaji cha mitandao ya vihisi.

Ila rekodi maarufu inayoambatana nacho ilichukuliwa maktaba ya Meyer, Chuo Kikuu cha Stanford. Ukiitumia bila kufikiri, migomba yako inaigizwa katikati ya wanafunzi wa Marekani na kompyuta zao. Wa Kibosho arekodi kelele ya Kibosho, na nguvu ya mawimbi aipime mara mbili: kiangazi, na masika majani yakiwa yamelowa.